Siku Mama Alipokuja Kuiona Ofisi Yangu

Kwa karibu miezi mitatu mama yangu aliamini kwamba kazini wamenihamisha. Nilimwambia hivyo mwenyewe, jikoni kwake Kalenga, nimeshika kikombe cha chai na kutazama moto ili nisimtazame yeye. Nilimwambia kampuni imefungua ofisi kisiwani, Unguja, na mimi ni mmoja wa waliochaguliwa kwenda kuianzisha. Aliuliza swali moja tu.

"Ofisi yenyewe iko karibu na maji?"

"Hapana, mama. Iko mjini, ghorofani."

Hapakuwa na ofisi na hapakuwa na ghorofa. Kazi yangu haijawahi kuwa na ofisi. Nasikiliza sauti za watu waliorekodiwa wakizungumza Kiswahili, kwenye mikutano, mahojiano na simu, naziandika neno kwa neno, kisha nakagua zilizoandikwa na wenzangu wanane waliotawanyika mikoa mbalimbali. Kampuni iko nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Kwa miaka nilikuwa naifanya katika chumba cha nyuma cha nyumba niliyopanga Kihesa, jozi mbili za soksi miguuni kwa baridi, kompyuta juu ya meza niliyoinunua kwa fundi cherehani aliyehama. Majirani hawakuamini kwamba nina kazi. Mama mwenye nyumba alipoanika mahindi uani alikuwa akinigongea dirisha: "Niangalizie kuku wasije wakala, maana wewe upo tu."

Kisiwani nilienda mara ya kwanza kwa ajili ya harusi. Rafiki yangu wa chuo alikuwa anaolewa huko, nikaomba siku nne. Siku ya tatu, asubuhi, nilitembea ufukweni upande wa mashariki nikaona wanawake watatu majini, wamevaa suruali ndefu na vilemba vilivyobana kichwa, kila mmoja na ubao wake. Walikuwa wanasubiri wimbi, wanalipanda, wanasimama, wanateleza nalo hadi maji ya magoti. Mmoja alianguka vibaya, akaibuka anacheka. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo.

Niliporudi Kihesa nilijaribu kusahau. Lakini nikiwa nasikiliza mtu anazungumzia bei ya mbolea au kikao cha wazazi, nilijikuta nawaona wale wanawake. Kazi yangu ilihitaji kompyuta, umeme na mtandao. Hivyo vyote kisiwani vilikuwepo. Nikapanga chumba kwa miezi mitatu, nikaongeza na mwezi mmoja, na kabla ya kuondoka nikaenda Kalenga kumdanganya mama.

Niseme kwa nini. Chini ya mashamba yetu Kalenga unapita mto Ruaha Mdogo, na sisi watoto wa mama tulikatazwa kuusogelea. Watoto wengine walioga huko kila Jumamosi. Sisi tukirudi na nywele mbichi tulichapwa kabla hatujaulizwa. Tulichokijua ni kwamba mdogo wake mama alifia mtoni wakiwa wadogo, na kwamba jambo hilo halizungumzwi. Kaka yangu aliwahi kuuliza mara moja, mezani. Mama aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo nilifika miaka thelathini na saba sijui kuogelea, na nilipoamua kwenda kujifunza kupanda mawimbi sikuona namna ya kumwambia.

Mwalimu wangu alikuwa mmoja wa wale watatu niliowaona. Mwanamke wa rika langu, ana watoto wawili, mfupi, mwenye mabega ya mtu anayetwanga kila siku. Alikuwa akifundisha wanawake na wasichana wa kijijini kwao kuogelea, na ubao alijifunzia kwa wageni waliopita wakamwachia mmoja. Siku ya kwanza nilimwambia nataka kusimama juu ya wimbi. Akanitazama.

"Unajua kuelea?"

"Sijui."

"Basi ubao utausubiri, shoga."

Nilisubiri wiki tatu. Nilikunywa maji ya chumvi ya kutosha kukausha samaki. Kila nilipolala chali na kuhisi hakuna kitu chini yangu, mwili mzima ulikakamaa nikazama kama jiwe, naye akanivuta kwapani bila haraka. "Tena," alikuwa akisema. Hakuwa na maneno mengi. Siku nilipoelea mwenyewe aliondoka tu akarudi na ubao.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi bahari ilivyokuwa na ratiba yake. Nilidhani mawimbi yako pale muda wote, mtu anaenda akipata nafasi. Kumbe maji yakiwa yamekupwa unaona mwamba mtupu na akina mama wanaolima mwani, na yakijaa kupita kiasi mawimbi yanakuwa mazito kwa mtu kama mimi. Palikuwa na saa mbili hivi nzuri katikati, na saa hizo zilisogea kila siku, karibu saa nzima mbele. Leo ni saa moja asubuhi, kesho karibu saa mbili, baada ya siku tatu au nne yanafikia saa nne, ambayo ndiyo saa ya kikao chetu cha kila siku.

Nilichora daftarini safu mbili, moja ya vikao na tarehe za kukabidhi kazi, nyingine ya maji kujaa na kupwa, nikaishi kwa daftari hilo. Siku nyingine nilianza kazi saa kumi na moja alfajiri, nikaingia majini saa mbili, nikarudi mezani saa nne kasoro na chumvi masikioni. Siku ambazo maji yalikuwa mazuri wakati wa kikao nilikaa na spika za masikioni nikasikiliza wenzangu, na nyuma ya sauti zao nikasikia bahari. Sikukosa kikao hata kimoja. Kazi ilienda vizuri kuliko nilipokuwa Kihesa, na hilo lilinifanya nijione sina kosa.

Lakini wenzangu nao niliwadanganya. Nilizima kamera nikasema mtandao ni mdogo. Mmoja wetu anaishi Uyole, Mbeya, dada mcheshi ambaye kila kikao cha mwezi wa sita hufungua kwa habari za baridi.

"Huku leo baridi inakata masikio. Huko Iringa vipi, bosi?"

"Hivyo hivyo," nilijibu, jasho likinitoka, suruali yangu bado inadondosha maji sakafuni.

Mwezi huo wa sita jicho la kushoto la mama lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho. La kulia nalo lilikuwa limeanza. Kaka yangu, ambaye ameoa na kuhamia Mbeya, alimchukua akampeleka hospitali, wakampangia siku ya upasuaji. Kaka akanipigia.

"Utakuja? Hata siku mbili tu. Mama hasemi, lakini anataka uwepo."

Nilimwambia nitaomba ruhusa. Nilikaa na simu mkononi, nikafungua daftari langu. Wiki ile ilikuwa ya bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, na upepo ulikuwa mzuri, na mwalimu alikuwa ameniambia safari hii nitafika mpaka nchi kavu nimesimama. Kazi ningeweza kuifanyia popote, hata kwenye benchi la hospitali. Sikuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Jioni nikampigia kaka nikasema ofisini wamekataa.

Asubuhi ya upasuaji niliamka nikamwombea mama, nikaingia majini. Na kweli siku ile nilisimama. Wimbi lilininyanyua, nikaweka mguu wa kulia, nikaweka wa kushoto, nikainuka, na ufukwe ukaanza kunijia. Nilifika kwenye maji ya vifundo vya miguu bado nimesimama. Mwalimu alipiga kigelegele. Mgeni mmoja aliyekuwa ufukweni alipiga picha, na kikundi cha mwalimu kikaiweka mtandaoni pamoja na tarehe. Mimi sikujua. Mtu niliyesoma naye sekondari akaiona akamtumia kaka: "Huyu si mdogo wako?"

Kaka alimwonyesha mama siku mbili baada ya kufunguliwa bandeji. Baadaye aliniambia alivyoipokea. Aliishika simu, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, kwa jinsi alivyofurahia kuona tena. Kisha akasema, "Huyu ni mwanangu. Yuko ndani ya maji." Akarudisha simu akaomba chai.

Kwa wiki zilizofuata nilimpigia kila jioni, naye alinieleza habari za jicho. Anaona milima. Anaona sisimizi kwenye sukari. Anaona jinsi mkwe wake alivyozeeka, na mkwe akacheka nyuma ya simu. Sikusikia chochote kilichobadilika katika sauti yake. Kisha siku moja kaka akapiga mwenyewe.

"Daktari amemruhusu kusafiri. Anakuja huko."

"Huko wapi?"

"Kwako. Anakuja kuiona ofisi yako." Kisha akaongeza, "Picha nimeiona, dada. Na yeye ameiona. Mimi nitamfikisha Dar nimpandishe boti. Mengine ni yako."

Nilimpokea bandarini Unguja saa saba mchana. Alishuka polepole, sweta la kijani mwilini katika joto lile, ndoo ya maparachichi mkono mmoja na mfuko wa viazi mkono mwingine, kwa kuwa hakuamini kwamba kisiwani kuna chakula. Nilipiga goti kidogo nikamsalimia. "Kamwene," akaitikia kwa Kihehe, kama tulivyosalimiana kila siku ya maisha yangu, akanikabidhi ndoo.

Safari ya kuvuka kisiwa kwenda mashariki ilichukua zaidi ya saa nzima kwenye teksi. Alitazama dirishani akasoma mabango kwa sauti, moja baada ya jingine. "Duka la dawa. Fundi friji. Kuku wa kukaanga. Shule ya msingi." Dereva alidhani anamuuliza, akawa anajibu. Mimi nilikaa nyuma nimebana ndoo kwa magoti.

Tulipofika alitua mizigo, akanawa uso, akasimama katikati ya baraza.

"Haya. Nionyeshe ofisi."

Nilimwonyesha. Meza ya mbao barazani, kompyuta, waya wa umeme uliopita dirishani, daftari. Ukutani ulikuwa umeegemea ubao, na mbele yetu, hatua chache tu, mchanga na bahari yote.

"Ghorofa iko wapi?"

"Hakuna ghorofa, mama."

"Siku napasuliwa jicho ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Nani aliyekunyima ruhusa?"

Nikasema, "Hakuna aliyeninyima."

Alivuta kiti changu cha kazi akakaa. Hakupaza sauti, mama hapazi sauti. Alisema, "Ungeniambia huna nafasi, ningesema sawa. Watu wana shughuli zao. Lakini wewe umeniambia bosi amekataa. Na mimi pale wananipasua niko macho, maana jicho wanalitia ganzi, wewe mwenyewe hawakulazi usingizi. Nikawa naomba. Sikuomba habari ya jicho. Nilimwombea bosi wako, Mungu amlainishe moyo akuruhusu, hata ufike jioni. Nimemwombea mtu ambaye hayupo."

Nililia. Nilipiga magoti pale barazani nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, nikaona hakitoshi, nikarudia kwa Kihehe. Aliweka mkono kichwani kwangu, akauacha hapo. Baadaye akasema, "Inuka. Chemsha viazi, nina njaa."

Kesho yake alikaa kando yangu toka asubuhi kuona nafanya nini. Ilipofika saa nne nikawasha kamera. Wenzangu wakasogelea skrini zao. Kwa miezi walikuwa wanaona herufi tu mahali pa uso wangu, sasa wakaniona nimeungua kwa jua, nyuma yangu minazi, na kando yangu mwanamke mtu mzima mwenye sweta.

"Nina jambo la kuwaambia," nikasema. "Siko Iringa. Niko kisiwani tangu mwezi wa nne."

Dada wa Uyole ndiye aliyeuliza kwanza. "Na huyo ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Shikamoo mama!" wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba wanangu," mama akajibu, akainama karibu na kamera mpaka wakaona paji la uso tu. "Kumbe na nyie amewadanganya?"

Walicheka mpaka kikao kikachelewa. Msimamizi wetu wa nje nilimwandikia mchana huohuo nikamweleza. Alijibu kwa mistari miwili: nilipo si shida yake mradi kazi inafika na niko kikaoni, ila angependa siku nyingine aambiwe mapema. Nilisoma mistari ile mara kadhaa. Miezi yote ile nilikuwa namkwepa mtu ambaye hakuwa ananitafuta.

Mama aliipenda kazi yangu kuliko nilivyotarajia. Nilimvalisha spika za masikioni akasikiliza mkulima mmoja wa nyanda za kwetu anahojiwa. Mwenzangu aliyeyaandika mahojiano hayo ni mtu wa Tanga, na alikuwa ameandika kwamba mzee yule wakati wa kiangazi analima vyungu. Mama aliniomba nimsomee kilichoandikwa, akashika tumbo kwa kicheko.

"Nani analima vyungu? Amesema vinyungu! Bustani za bondeni. Mwandikie huyo kijana wako."

Nikamwandikia. Tangu hapo mwenzangu yule kila akikwama kwenye lafudhi za kwetu anauliza kama mama yupo karibu.

Lakini majini hakutaka kunitazama. Siku ya nne tangu afike niliuchukua ubao, nikamwambia wazi, "Mama, naenda majini, nitarudi saa nne kasoro robo." Hakunizuia. Aligeuza kiti akakaa kuelekea barabarani, mgongo kwa bahari, na nilipogeuka kutoka kwenye maji nikaona sweta la kijani limekaa vilevile, halijatikisika. Sikupanda wimbi hata moja siku ile. Nilirudi mapema.

Mwalimu alikuja kumsalimia jioni. Alileta mihogo ya nazi. Walikaa barazani, nikawaacha waongee, na kwa muda mrefu walizungumza habari za watoto na bei ya sukari. Nilikuwa jikoni niliposikia mwalimu anasema, taratibu, kama anayeendelea na habari ya sukari:

"Mwanao sikumpa ubao mpaka alipojua kuelea, mama. Wiki tatu. Alikuwa mzito."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu kamili. Kesho asubuhi maji yatakuwa yametulia huku ndani ya mwamba, hayafiki kifuani. Njoo umwone."

Nilidhani atakataa. Asubuhi alikuja, ndala mkononi, sketi ameikunja kidogo, akasimama mahali ambapo mchanga ulikuwa bado mkavu. Maji yalikuwa kama ya beseni. Nililala chali nikaelea. Nikajikaza nisimtazame, kwa kuwa nikimtazama najua nitazama. Ndipo nikasikia sauti yake.

"Kichwa kiko juu sana. Inua kidevu. Masikio yaingie majini."

Nikafanya hivyo, na mwili wote ukanyooka. Kisha nikasimama ghafla. Mwalimu alikuwa anamtazama mama, na mimi nikamtazama.

"Mama, umejuaje?"

Aliketi mchangani, nasi tukatoka tukaketi naye, maji yanatuchuruzika. Akatuambia. Walikuwa wanaoga Ruaha, yeye na mdogo wake, chini ya shamba la babu. Hakuna msichana Kalenga aliyemshinda kuogelea. Alikuwa anavuka ng'ambo na kurudi. Mdogo wake alikuwa na miaka saba, yeye tisa, na mdogo alitaka kila anachofanya dada. Akawa anamfundisha. Walikuwa wamefika kwenye kuelea. Mvua zikaanza, wakaambiwa wasiende, na siku moja mdogo akaenda peke yake kufanya mazoezi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," mama alisema. "Ila sikumaliza kumfundisha."

Aliyasema hayo akichora mchanga kwa kidole, sauti yake ileile ya kila siku. Miaka thelathini na saba nilikuwa nikiamini mama anaogopa maji kwa sababu hayajui. Mwalimu alishika mkono wake akauweka kwenye paja lake, wakakaa hivyo. Saa nne ilikaribia nikalazimika kwenda kikaoni, nikawaacha pale.

Hakuna aliyemwambia aingie. Zilipita siku tatu, ya nne akamuuliza mwalimu kama ana nguo inayomtosha. Nilimpigia kaka, kaka akampigia daktari, daktari akasema muda umepita wa kutosha lakini avae miwani ya kuogelea. Mwalimu akaleta miwani, suruali yake ya zamani na fulana ya mikono mirefu. Mama alivua sweta kwa mara ya kwanza tangu afike, akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti changu.

Waliingia wawili wameshikana mikono. Mimi nilisimama kwenye maji ya kiuno, mbali kidogo. Maji yalipofika kifuani mama alisimama, nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Mwalimu hakumharakisha. Kisha mama akajilaza mwenyewe, mwalimu akaweka mkono chini ya mgongo wake, na baada ya muda nikaona mkono wa mwalimu uko juu ya maji, na mama bado anaelea. Kidevu juu, masikio ndani, mikono imefunguka. Ilikuwa kama mwili wake ulikuwa haujasahau hata siku moja. Alisema kitu kwa Kihehe, chini chini. Sikusikia alichosema, na sijawahi kumuuliza.

Alikuja kwa wiki moja akakaa tatu. Kila asubuhi yenye maji tulivu alielea, kisha akakaa kando yangu kusikiliza mahojiano. Ubao hakuupenda mpaka mwisho. "Kuelea, sawa," alisema. "Kusimama juu ya maji, hilo ni lako na mwalimu wako." Lakini nikipanda wimbi alikuwa ananitazama, mikono kiunoni, na nikianguka alihesabu kwa sauti mpaka niibuke. Siku ya kuondoka, bandarini, aliniambia kwamba nikitaka kumdanganya tena nimdanganye kwa jambo dogo, kama bei ya nyanya.

Upepo ulipobadilika na msimu wa mawimbi kuisha nikarudi Kihesa, kwenye meza yangu na soksi zangu. Mwaka uliofuata jicho la kulia likapangiwa siku, na safari hii nilikuwa Mbeya siku tatu kabla. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na kompyuta mapajani, nikafanya kikao kwa sauti ya chini, na dada wa Uyole alipomaliza kazi alikuja kunitoa kwenda kula. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana ana kwa ana. Tulikumbatiana mlangoni kama ndugu. Kisiwani wiki ile mawimbi yalikuwa mazuri, mwalimu aliniambia. Niliumia kidogo, siwezi kusema sikuumia. Kisha muuguzi akatoka akaita jina la mama, nikainuka.

Sasa ndivyo ninavyoishi: miezi minne kisiwani, iliyobaki Iringa. Mama mwenye nyumba ya Kihesa bado ananigongea dirisha nimwangalizie mahindi, na mimi nayaangalia.

Mwezi wa saba uliopita mwalimu alikuja kwetu. Hakuwahi kupita Morogoro maishani mwake. Alishuka stendi ya Iringa asubuhi, meno yanagongana, akaniuliza kama hewa hii tunaivuta hivihivi bila kuipasha moto. Kalenga, mama alimfunika mablanketi mawili akamkalisha karibu na moto, akampa uji wa ulezi, na siku ya pili akampeleka shambani kuchimba viazi. Walirudi kabla ya saa nne na madebe mawili, mwalimu ana malengelenge viganjani na tope mpaka magotini, anasimulia jinsi kiazi kilivyojificha chini kama pweza.

Nilikuwa chumba cha pili kikaoni, mlango umefungwa. Nikawasikia jikoni wanamenya. Mwalimu alikuwa anamuuliza mama atakuja lini tena kisiwani, na mama akawa anahesabu: kwanza avune maharage, kisha kuna kongamano la akina mama wa usharika kanisani, kisha mkwe wake wa Mbeya anajifungua.

"Baada ya hapo," akasema. "Mwezi wa kumi, kama maji yatakuwa yametulia."

"Yatakuwa yametulia," mwalimu akasema.

Mwenzangu wa Tanga akaniuliza kwenye kikao kama bado nipo. Nikasema nipo, tuendelee.